"Tumeshaelewana na familia": dhana zinazowaponza washtakiwa wa unajisi

Bahasha huwa ya kaki. Ndani mna makubaliano ya mkono, saini za wazee wa pande mbili, alama ya kidole gumba ya mama wa mtoto, muhuri wa chifu pembeni, na fedha zilizotolewa zimeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno. Ndugu za mshtakiwa hunikabidhi wakiwa wametulia: "Wakili, yameisha. Wewe mpe hakimu tu."

Hayajaisha. Aghalabu ndiyo kwanza yameharibika.

Kesi ya unajisi, yaani kumwingilia mtoto wa chini ya miaka 18, au ya ubakaji nchini Kenya si mali ya familia mbili. Mlalamishi ni shahidi. Anayeshtaki ni Jamhuri. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 kilimwachia Mwanasheria Mkuu uamuzi wa kusitisha mashtaka, na tangu Katiba ya 2010 mamlaka hayo yako kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, ambaye naye hawezi kuiondoa kesi mahakamani bila idhini ya mahakama. Mapatano yanayoruhusiwa na Sheria ya Mwenendo wa Jinai ni ya makosa madogo. Hata ule utaratibu wa kukiri kwa makubaliano ili shtaka lipunguzwe, kifungu cha 137N kimeufunga kabisa kwa makosa ya kingono.

Na karatasi ile? Ikimfikia mwendesha mashtaka, atauliza swali moja tu: kama hukufanya, ulikuwa unalipia nini? Mtu aliyekuwa na utetezi mzuri, ambaye siku ile hata mjini hakuwepo, anakuwa amejifunga kwa mkono wake. Dhamana yaweza kufutwa kwa kuvuruga mashahidi. Aliyepokea fedha ili kesi ife naye anajitia hatiani chini ya kifungu cha 118 cha Kanuni ya Adhabu. Na mtoto akifichwa kwa shangazi kijijini, mahakama ina samansi, na samansi ikipuuzwa ina waranti.

Linaloniuma zaidi ni kwamba kikaoni mtoto hakuulizwa neno. Kama mshtakiwa ndiye aliyemuumiza, wazee wamemuuza. Kama siye, basi aliyemuumiza hatafutwi tena na mtu yeyote.

Kwa hiyo nasisitiza, na sitachoka: ukishtakiwa, wewe na jamaa zako msimpigie simu mlalamishi wala wazazi wake. Msitume mjumbe, hata akiwa imamu au mchungaji. Badala yake andika mapema, kumbukumbu ikiwa bado mbichi, siku hiyo ulikuwa wapi, na nani, ulisafiri kwa gari gani. Hifadhi jumbe za simu, tiketi, taarifa za M-Pesa. Kama ulikuwa kwingine, liseme hilo tangu mwanzo na uwataje waliokuona. Utetezi wa kuwa kwingine unaoibuka siku ya kujitetea hakimu huuona kama wa kutungwa.

"Alikubali mwenyewe." Aliye chini ya miaka 18 hana ridhaa ya kutoa kisheria. Mtoto wa miaka 11 kushuka chini: kifungo cha maisha. Wa 12 hadi 15: si chini ya miaka 20. Wa 16 hadi 18: si chini ya 15. Mwaka 2019 majaji wa Mahakama ya Rufaa walisema nchi ijadili kushusha umri wa ridhaa hadi 16, na watu wakalichukua hilo kama sheria. Sivyo. Utetezi uliopo ni wa kifungu cha 8(5): kwamba mtoto alikudanganya kuwa ni mtu mzima, nawe ukaamini kwa sababu za msingi. Mahakama itauliza ulichukua hatua gani kujua umri wake. "Alionekana mkubwa" haitoshi.

"Bila DNA hakuna kesi." Kipimo hicho mahakama inaweza kukiagiza, hailazimiki. Kinachothibitishwa ni mambo matatu: umri, kuingiliwa hata kwa sehemu tu, na kwamba aliyetenda ni wewe. P3, ile fomu ya polisi inayojazwa na daktari, ikisema kizinda kipo, kesi haijafa; ikisema kimechanika, haijasema nani. Tena kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinaruhusu kuhukumu kwa ushahidi wa mwathiriwa peke yake, mradi hakimu aandike sababu za kumwamini. Kazi ya wakili iko hapo: kulinganisha alichowaambia polisi na anachosema mahakamani, na kudai umri uthibitishwe kwa cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki au daktari.

"Rufaa itapunguza miaka." Uamuzi wa Mahakama ya Upeo wa 2017, kwamba adhabu ya kifo isiwe ya lazima kwa hakimu, uliwapa wengi matumaini kuwa hata vifungo vya chini vilivyowekwa na sheria vitapunguzwa. Mwaka 2021 mahakama hiyo ikafafanua kuwa ulihusu mauaji tu, na 2024 ikarejesha kifungo cha miaka 20 kilichokuwa kimepunguzwa katika kesi ya unajisi. Pigana kesi inaposikilizwa mara ya kwanza. Ibara ya 50 ya Katiba inakupa haki ya kuuona ushahidi mapema: dai nakala za maelezo ya mashahidi na P3 kabla shahidi wa kwanza hajafungua mdomo, na kama huna uwezo wa wakili, mwambie hakimu siku ya kwanza.