Nchi satelaiti na mambo yake ya nje: tuangalie Ujerumani Mashariki

Mtu akisema Ujerumani Mashariki ilikuwa satelaiti ya Moscow, wengi wanajibu "aa, kibaraka huyo" na mjadala unaishia hapo. Lakini hiyo nchi ilikuwa na waziri wa mambo ya nje, ina mabalozi, inasaini mikataba, inatuma walimu, mafundi na majasusi mpaka Zanzibar, sasa hao wote walikuwa wanafanya nini kama kila kitu kishaamuliwa Moscow?

Maana yenyewe iko hivi. Nchi satelaiti kwenye karatasi ni huru kabisa, ina bendera, bunge, wimbo wa taifa, ila yale mambo mazito, yaani ulinzi, nani awe mkuu wa nchi na nani awe adui, hayapiti mpaka dola kubwa inayoilinda iridhie. Koloni ni kitu kingine, lenyewe halina hata balozi. Satelaiti balozi anaye, na huyo balozi anahangaika kweli kweli.

Ujerumani Mashariki (GDR) ilitangazwa Oktoba 1949 kwenye lile eneo lililokuwa mikononi mwa jeshi la Kisovieti. Wafanyakazi walipoingia barabarani Juni 1953 vilivyowazima ni vifaru vya Kisovieti, na wale wanajeshi hawakuondoka, miaka ya 80 inaisha bado wako zaidi ya laki tatu. Mwaka 1971 kiongozi wa GDR, Walter Ulbricht, alipowekwa pembeni akaingia Erich Honecker, ile mipango haikukamilika mpaka Brezhnev, mkuu wa Umoja wa Kisovieti, alipokubali. Alafu katiba, baada ya kurekebishwa 1974, ikaandika wazi kwamba nchi imeungana na Umoja wa Kisovieti milele na hakuna kurudi nyuma. Jina la nchi nyingine ndani ya katiba yako! Huo ndo mstari wa mwisho, huuvuki.

Sasa ndani ya huo mstari kazi kubwa ilikuwa moja tu kwa karibu miaka 20: kutambuliwa. Ujerumani Magharibi ilikuwa inadai ndo Ujerumani pekee halali, na kuanzia 1955 ikaweka sera iliyobeba jina la Walter Hallstein, ofisa mkubwa wa wizara yao ya mambo ya nje, kwamba nchi yoyote ikiitambua GDR basi imetuchokoza, na tunaweza kukata uhusiano. Sio vitisho vya mdomo, Yugoslavia walikatiwa 1957, Cuba 1963. Kwa nchi changa inayotegemea misaada ya Bonn, yaani makao makuu ya Ujerumani Magharibi, hiyo ilikuwa kali sana.

Na hapa ndo sisi tunaingia. Mapinduzi ya Zanzibar yanatokea Januari 1964, na serikali mpya ya Karume inaitambua GDR, ya kwanza Afrika. Kwa wakubwa wa GDR kule Berlin Mashariki hiyo ilikuwa bahati ya mtende, wakaleta watu haraka, mpaka Markus Wolf mwenyewe, mkuu wa ujasusi wao wa nje, alifika kusaidia kuunda idara ya usalama, na baadaye wakaanza kujenga maghorofa, yale ya Kikwajuni na Kilimani unayaona mpaka leo. Tatizo ni kwamba Aprili mwaka huohuo Zanzibar ikaungana na Tanganyika, ambayo ilikuwa na uhusiano mzuri tu na Bonn. Nchi moja, Wajerumani wawili! Karume hataki kuwafukuza Wajerumani wake wa Mashariki, Bonn hawataki kuwaona, Nyerere yuko katikati. Mwanzoni mwa 1965 akaja na suluhu: ubalozi wa GDR kule Zanzibar ufungwe, wapewe konseli (ofisi yenye cheo cha chini ya ubalozi) Dar es Salaam bila kutambuliwa kama dola. Bonn wakakasirika wakaondoa msaada wa kijeshi, wakufunzi waliokuwa wanafundisha kikosi chetu cha anga wakapanda ndege wakaondoka, na Nyerere akawaambia basi chukueni na misaada mingine yote iliyobaki. (Kikosi cha anga kikaja kulelewa na Wakanada.) Mimi naona hiyo kesi inafundisha kuliko vitabu, maana utaona GDR haikupata ilichotaka, ilishushwa cheo kabisa kutoka ubalozi hadi konseli, na bado ikaendelea kujenga nyumba maana ilikuwa inataka tu mlango usifungwe.

Mlango ulifunguka 1969 Iraki, Sudan, Syria na Misri zilipoitambua, na Willy Brandt alipoingia madarakani Bonn akaona ile sera imechoka. Mkataba baina ya Wajerumani wawili ukasainiwa Desemba 1972, Septemba 1973 wote wawili wakaingia Umoja wa Mataifa siku moja.

Baada ya hapo njaa ikawa ya pesa, hasa fedha za kigeni. Mfano mzuri ni kahawa. Bei ya dunia ilipopaa kufikia 1977, serikali ikawaletea wananchi kahawa iliyochanganywa na vitu vingine karibu nusu kwa nusu, watu wakalalamika vibaya mno, ikabidi wakubwa wakimbilie Ethiopia ya Mengistu kubadilishana silaha na malori kwa kahawa. Huku wanaimba mshikamano wa kimataifa, huku wanahesabu magunia. Na 1983 mkopo wa marki bilioni moja ukatoka kwa nani? Kwa mabenki ya Ujerumani Magharibi, aliyeupatanisha ni Franz Josef Strauss, mwanasiasa wa hukohuko Magharibi, mpinga ukomunisti wa kutupwa.

Moscow hawakupenda huo ukaribu. 1984 Honecker alitaka kwenda Bonn, wakamzuia, akatulia. Alienda Septemba 1987, Gorbachev akiwa Kremlin, na siku hiyo Helmut Kohl, mkuu wa serikali ya Ujerumani Magharibi, akasimama naye wakati wimbo wa taifa wa GDR unapigwa na bendera iko juu, kitu ambacho Bonn walikikataa miaka nenda rudi.

Kilichochekesha ni kwamba ilipofika hapo satelaiti imekuwa ngumu kuliko bosi. Gorbachev anahubiri mageuzi, Kurt Hager, mmoja wa wakubwa wa chama tawala cha GDR, anajibu eti jirani akibandika karatasi mpya ukutani kwake, lazima na wewe ubandike? Novemba 1988 wakazuia hadi jarida la Kisovieti la Sputnik lisisambazwe nchini. Ila ukigombana na anayekulinda inabidi uwe na kingine cha kusimamia, na wao hawakuwa nacho. Hungary walipofungua mpaka Septemba 1989 watu wakatoka kwa maelfu, Moscow haikunyanyua kidole, na Oktoba 1990 nchi haikuwepo tena.

Mikataba yake ndo haikufa vizuri. Kuanzia 1979 ilichukua maelfu ya vijana wa Msumbiji kufanya kazi viwandani, sehemu ya mshahara inakatwa eti watalipwa wakirudi kwao, kumbe zile pesa zinafidia deni la Msumbiji kwa GDR. Wengi walirudishwa 1990 wakakuta hamna kitu, na kwa miaka mingi baadaye walikuwa wanaandamana Maputo kila Jumatano, wakidai kwa serikali yao kwa sababu ile nyingine haipo tena ya kuidai.