Pampu ya kunyunyizia maji kwenye tabo: pima kwanza, ndipo uihukumu

Hapa sizungumzii pampu ya rejeta. Ninayoisema ni ile ndogo ya diaframu, ya volti 12, inayosukuma maji hadi kwenye nozeli ili yapulizwe kama ukungu ndani ya hewa inayotoka kwenye tabo, kile kifaa kinachosukumiza hewa ya presha ndani ya injini. Maji yanapogeuka mvuke hula joto jingi, takriban kilojuli 2,260 kwa kila kilo, mara kadhaa kuliko petroli. Hewa ikipoa, injini hainoki, yaani mafuta hayalipuki yenyewe vibaya ndani ya silinda.

Wenye Subaru na Mitsubishi Evo wanaoshuka kutoka Nairobi ndio wanaoumbuliwa na pampu dhaifu. Westigeti, vali inayozuia presha ya tabo isizidi, hufunguka kwa kulinganisha presha ya tabo na ya hewa ya nje, na hewa ya Mombasa ni nzito kuliko ya Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Geji itaonyesha presha ileile, lakini hewa inayoingia kwenye silinda ni nyingi zaidi. Pampu iliyokuwa ikijikokota huko juu bila mtu kujua, huku pwani inashindwa.

Dalili ya kwanza ni gari kuwa zito unapokanyaga kwenye gia za juu, kwa sababu kompyuta ikisikia injini inanoki huchelewesha cheche. Kwenye skana, joto la hewa inayoingia hupanda kuliko ulivyozoea. Lakini shahidi wa bure ni tangi: ukiendesha kwa nguvu na maji yakabaki palepale, basi hayaendi. Kinyume chake ni kibaya zaidi. Maji yakipungua wakati injini inanguruma tu bila kukanyagwa, solenoidi (vali ya umeme) au vali ya njia moja haifungi, na mvuto wa manifodi, bomba linaloigawia injini hewa, unayafyonza. Hilo si la kuahirisha, maana maji yakikusanyika ndani ya silinda gari likiwa limezimwa, stata moja tu inaweza kukunja konrodi.

Mpaka ujue kasoro iko wapi, shusha presha ya tabo hadi kiwango cha springi ya westigeti. Kama tangi lina methanoli, alkoholi ambayo wengine huichanganya na maji, itoe na upime kwa maji matupu. Methanoli ni sumu, na moto wake hauonekani vizuri mchana.

Kipimo kinachomaliza ubishi ni cha chupa. Fungua nozeli kutoka kwenye bomba la hewa, iache imeungwa na mpira wake, iingize ndani ya chupa yenye alama za mililita. Endesha pampu kwa nguvu zote kwa sekunde 30, ama kwa kitufe cha majaribio cha kontrola (kisanduku kinachoiendesha pampu), ama kwa umeme wa moja kwa moja kutoka betri kupitia fyuzi inayolingana na pampu. Nozeli ya mililita 380 kwa dakika itoe karibu 190. Ukipata 135 usiseme "imepungua kidogo tu". Mtiririko hufuata kipeuo cha pili cha presha, kwa hiyo asilimia 70 ya maji maana yake presha imebaki nusu. Angalia pia umbo la mpulizo: ukungu uliotanuka ni sawa, mchirizi kama wa bomba la kuoshea ni presha ndogo au nozeli chafu.

Sasa umeme, na hapa ndipo ninapoomba subira. Kupima volti pampu ikiwa imesimama ni kujidanganya. Waya uliooza huonyesha 12 safi mpaka ubebe mzigo. Pampu ikizunguka kwa nguvu zote, weka ncha moja ya maltimita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye chanya ya pampu. Kisha fanya hivyo hivyo kati ya hasi ya pampu na hasi ya betri. Kila upande ukizidi nusu volti, tafuta kiungo kibovu. Upande wa hasi hata 0.3 hunitia shaka, kwani chumvi ya hewa ya bahari hula skrubu ya bodi kimyakimya chini ya rangi. Piga msasa hadi chuma king'ae, kaza, paka grisi. (Kontrola nyingi hukatakata umeme kwa kasi, na maltimita ikakupa wastani usio na maana, ndiyo sababu nasisitiza nguvu zote.)

Volti zikiwa sawa, zungushia waya mita ya kubana inayosoma umeme wa betri, ulinganishe ampea na bamba la pampu. Ampea nyingi na maji kidogo: njia imeziba mbele ya pampu, au beringi zinakwama. Ampea chache na maji kidogo: pampu inafyonza hewa, au diaframu na vali zake zimechoka. Ampea sifuri wakati volti zipo: kaboni za mota zimeisha, au kikata-joto, swichi inayokata umeme mota ikipata moto, kimejifungua. Ngoja ipoe kabla ya kuitupa, hasa ikiwa imefungwa chini ya boneti na gari limetoka kwenye foleni ya feri ya Likoni. Mahali pake ni kwenye buti, chini ya usawa wa tangi.

Kabla ya kulaumu diaframu, legeza kifuniko cha tangi na urudie chupa. Maji yakirudi, tundu la hewa limeziba. Halafu safisha kichujio, na uweke kipande cha mpira unaopenya mwanga upande wa kufyonza. Mapovu yakipita, kuna kiungo kinachovuta hewa.

Nozeli iliyoziba huku kwetu mara nyingi imezibwa na maji ya kisima. Ardhi yetu ni ya matumbawe, maji yake yana chokaa, na visima vingi vina chumvi juu yake. Tumia maji ya betri yasiyo na asidi. Yale yanayodondoka kwenye AC yanavutia, lakini huja na vumbi na kuvu. Loweka nozeli kwenye siki nyeupe kwa saa moja, isuuze, ipulize kwa hewa. Usiingize sindano: tundu limetobolewa kwa kipimo, na ukilipanua mahesabu yote ya chupa yanaharibika.

Ikibidi kununua pampu mpya, hakikisha raba zake zinavumilia methanoli ikiwa unaichanganya; raba isiyofaa huvimba na vali zikaacha kufunga. Ukishaifunga rudia sekunde 30, kisha andika mililita na tarehe kwa kalamu ya wino mzito ubavuni mwa tangi.