"Lighthouse" ya Westlife: yanayosemwa kijiweni na yaliyotokea

Kwa kinyozi wetu hapa Kirumba, Mwanza, kuna mada mbili haziishi: timu ya mpira ya Pamba ilivyokuwa zamani, na kundi la muziki la Westlife lilivyochuja. Ya Pamba nawaachia wenyewe. Hii ya Westlife naijua, maana mwaka 2011 nilikuwa na kibanda cha kuwekea watu nyimbo kwenye memori kadi, karibu na Makoroboi, na hao vijana wa Ireland walinilipia kodi ya pango miezi mingi.

Eti wimbo wao "Lighthouse" ulibuma, ndipo kundi likavunjika.
Kubuma ulibuma: namba 32 kwenye chati ya Uingereza, kwa kundi ambalo singo zake saba za mwanzo (nyimbo zinazouzwa mojamoja) zote zilishika namba moja kule. Lakini tazama kalenda. Walitangaza kuachana Oktoba 2011, wimbo ukatoka Novemba. Marehemu hauawi na chakula cha matanga.

Eti waliporomoka pale mwimbaji wao Brian McFadden alipoondoka.
Aliondoka Machi 2004. Mwaka uliofuata "You Raise Me Up" ikashika namba moja (kwaya zetu zinaapa ni wimbo wao, kumbe kundi la Secret Garden walishautoa kabla). Mwaka 2006 "The Rose" ikawa namba moja yao ya 14. Mteremko ulikuja taratibu, tena kwa kupanda na kushuka: "Home" namba 3, "What About Now" namba 2, "Safe" ya 2010 namba 10.

Eti namba ya chati ndiyo idadi ya wapenzi wa wimbo.
Hapa huwa nabisha mpaka kinyozi anazima mashine. Chati ile ilihesabu mauzo ya wiki, tena ya Uingereza tu. Kupigwa redioni hakukuhesabiwa. Kusikilizwa mtandaoni kuliingizwa kwenye chati ya singo Julai 2014. Kwa hiyo mteja wangu wa Igoma, aliyeupiga wimbo ule usiku kucha mpaka simu ikazima chaji, hakuwa hata nukta kwenye hesabu yao. (Hela yake niliila mimi, Westlife hawakuona senti. Nakiri.) Halafu Novemba hiyohiyo ya 2011 ilitoka albamu yao ya Greatest Hits, na wimbo umo ndani. Shabiki anayejua albamu inakuja anunue singo ya nini?

Eti waliuandika wenyewe, barua ya kwaheri.
Hapana. Uliandikwa na Gary Barlow wa kundi la Take That, pamoja na John Shanks.

Eti ndio ulikuwa mwisho wao.
Waliaga kweli, uwanja wa Croke Park, Dublin, Juni 2012. Januari 2019 wakarudi na "Hello My Love", ikafika namba 13, na Novemba mwaka huo albamu yao Spectrum ikashika namba moja Uingereza. Wakati huo kibanda nilishafunga, watu wanapakua nyimbo wenyewe. Kati yangu na Westlife, aliyechuja ni mimi.