Je, picha ya CT inaweza kuonyesha kama saratani ya mapafu imeanza kuvamia?

Saratani "kuvamia" maana yake nini?

Aina ya saratani ya mapafu inayoonekana zaidi ni adenokasinoma. Mara nyingi, mwanzoni, seli zake hutambaa juu ya kuta za vifuko vya hewa bila kuzitoboa. Zikishatoboa na kuingia kwenye tishu ya chini, zimeanza kuvamia. Uvimbe wa hadi sentimita 3 ambao haujavamia kabisa, au umevamia kwa kina kisichozidi milimita 5, ukiondolewa wote karibu kila mgonjwa hupona. Zaidi ya hapo, seli zinaweza kufika kwenye tezi za limfu na kwenye damu.

Picha inaonyeshaje jambo linalotokea kwenye seli?

Kwa sababu ya hewa. Kwenye CT, yaani eksirei inayoonyesha mwili vipande kwa vipande, hewa huonekana nyeusi. Seli zinazotambaa tu huacha hewa ndani ya vifuko, kwa hiyo daktari huona ukungu mwepesi ambao mishipa ya damu bado inaonekana ndani yake. Seli zinapovamia, vifuko husinyaa, kovu hujengeka, na pale panakuwa peupe pe. Sehemu hiyo nyeupe, iitwayo sehemu ngumu, ndiyo yenye habari. Tangu toleo la nane la TNM, mfumo wa kupanga hatua za saratani, lianze kutumika mwaka 2017, ukubwa wa uvimbe wenye ukungu hupangiwa hatua kwa kupima sehemu ngumu, si kivuli chote.

Kompyuta inaongeza nini hapo?

Mabingwa wawili wakipima kinundu (uvimbe mdogo) kimoja wanaweza kupishana kwa milimita kadhaa, hasa pale ukungu unapokutana na sehemu ngumu. Programu hupima mamia ya sifa: weupe, umbo, kingo, jinsi nukta za picha zilivyopangika. Kazi hii huitwa radiomiki. Programu nyingine za akili unde hujifunza zenyewe kutoka kwenye picha za watu waliokwisha kupasuliwa, ambao majibu ya maabara yanajulikana. Zote hutoa makadirio, si hukumu. Na picha ikikatwa vipande vinene vya milimita 5, hata programu nzuri itakisia. Kinundu kidogo kinahitaji vipande vya milimita 1 hivi.

Kwa nini tujue kabla ya upasuaji?

Ili daktari asikate zaidi ya inavyohitajika. Zamani ilikuwa kawaida kuondoa moja ya sehemu kuu za pafu (la kulia lina tatu, la kushoto mbili). Utafiti wa Japani uitwao JCOG0802, uliochapishwa mwaka 2022, ulifuatilia wagonjwa 1,106 wenye uvimbe usiozidi sentimita 2. Baada ya miaka mitano, asilimia 94.3 ya waliokatwa kipande kidogo walikuwa hai, dhidi ya 91.1 ya waliokatwa sehemu nzima.

Na kwetu Afrika Mashariki?

Hapa niko na tahadhari. Programu nyingi zimefundishwa kwa picha za China, Japani na Korea Kusini. Kwetu kifua kikuu ni kingi, nacho huacha vinundu na makovu yanayofanana na saratani. Ukikohoa wiki mbili au zaidi, pima makohozi kwanza. Ila dawa za TB zisipokusaidia, usikubali kurudia dozi bila uchunguzi mwingine.

Nimeambiwa nina ukungu tu. Nikatwe?

Si lazima. Nimonia nayo huleta ukungu, kisha hutoweka. Mwongozo wa mwaka 2017 wa Fleischner, jumuiya ya wataalamu wa picha za kifua, unasema ukungu mtupu, mmoja, wa milimita 6 au zaidi urudiwe kupigwa picha baada ya miezi 6 hadi 12, kisha kila miaka miwili mpaka mitano itimie. Ulio chini ya hapo kwa kawaida haufuatiliwi.

Basi hakuna haja ya kuchukua kinyama cha kupima maabara?

Ipo. Ila sindano ya kuchukua kinyama inaweza kugusa upande ambao haujavamia, kwa hiyo jibu la mwisho hutolewa na mpatholojia, daktari anayechunguza tishu maabara, baada ya uvimbe wote kutolewa. Ukitoka CT, omba CD ya picha, si karatasi ya majibu peke yake: daktari ajaye atataka kulinganisha.