Glavu ni mpya, na taa je?

Wengi wakipanda kwenye kiti cha meno macho yanakimbilia sindano ya ganzi. Mimi ningekuomba uangalie mpini wa taa iliyo juu ya uso wako, maana unaweza kubeba vijidudu. Haya ndiyo maswali ninayokutana nayo hapa Dodoma.

Kiti kinang'aa. Hivyo vijidudu vinatoka wapi?

Vinatoka mdomoni mwa aliyekutangulia. Mashine ya kuchonga jino huzunguka kwa kasi kubwa huku ikitoa maji ya kulipoza jino. Maji hayo yakichanganyika na mate na damu huruka kama ukungu, yakatua kwenye trei, kwenye taa na kwenye koti la daktari.

Halafu kuna mkono. Daktari yuko katikati ya kazi, mwanga umehama, anaivuta taa kwa glavu ileile yenye mate. Mgonjwa akitoka, daktari anavaa glavu mpya, anashika mpini uleule, kisha kidole kinaingia mdomoni mwako. Hapo glavu imemkinga daktari, wewe haijakukinga.

Si vinakauka vikafa?

Vingi hufa. Lakini kirusi cha homa ya ini B hudumu siku 7 au zaidi kwenye damu iliyokauka, hata isiyoonekana kwa macho. Kukaa tu kitini hakukuambukizi. Hatari ni pale kilichogusa damu hiyo kinapofika kwenye kidonda chako.

Kufuta kwa jiki hakutoshi?

Damu na mate huimaliza nguvu jiki. Osha kwanza kwa maji na sabuni, ndipo upake dawa, uiache dakika 10. Jiki ya asilimia 3.5 huchanganywa kipimo kimoja kwa vipimo 6 vya maji, upya kila siku, maana joto na mwanga huidhoofisha. Koleo na vioo vya mdomoni si vya kufutwa: vinaoshwa, vinafungashwa, vinaingia otoklevu, yaani mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke wa moto, nyuzi joto 121 kwa dakika 30.

Na vumbi letu la kiangazi?

Chumba kidekiwe, kisifagiliwe kikavu, maana ufagio hurusha vumbi hadi kwenye trei. Maji yaliyolala usiku ndani ya mirija ya kiti nayo hujenga utando wa bakteria. Asubuhi yaachiwe yatiririke dakika 2, na sekunde 20 hadi 30 baada ya kila mgonjwa. Najua maji kwetu ni ya shida, lakini haya si ya kubania.

Mimi mgonjwa nifanye nini?

Angalia kama mpini umevikwa nailoni safi au umefutwa kabla hujakaa, na kama vifaa vinafunguliwa mbele yako. Huoni? Uliza: "Shikamoo daktari, samahani, hii taa imefutwa?" Si utovu wa adabu; mdomo ni wako. Na simu yako usiiweke kifuani, iache kwenye pochi. Ukungu ule hutua hata juu yake, nawe ukifika nyumbani unampa mtoto aichezee.