PHP 5.6 juu ya Ubuntu 24.04: shida sio PHP, ni OpenSSL

Kuna maduka mengi sana hapa Nairobi, kuanzia Nyamakima mpaka Industrial Area, ambayo stoki na risiti zao bado zinaendeshwa na mfumo ulioandikwa na kijana fulani miaka kumi iliyopita, kijana akaenda zake ng'ambo na mfumo ukabaki ukifanya kazi vizuri tu mpaka siku ile mashine inakufa. Unanunua mashine mpya, unaweka Ubuntu 24.04, unakopi mafaili, unafungua ukurasa, mweupe pe! Manake Ubuntu 24.04 inakuja na PHP 8.3, PHP ikiwa ndiyo lugha huo mfumo umeandikwa nayo, na mfumo wenyewe umejaa mysql_connect, amri ya zamani ya kuunganisha databesi, kila kona, na hizo mysql_ zote ziliondolewa kwa PHP 7.0, Desemba 2015.

Najua utasema iandikwe upya. Hata mimi huwa nawaambia hivyo. Mama mmoja mwenye hardware alinijibu, "Iandikwe upya na nani kijana wangu, na mauzo ya leo niandike wapi?" Basi tunaweka PHP 5.6. Sapoti yake iliisha mwisho wa 2018, na toleo la mwisho ni 5.6.40 lililotoka Januari 2019.

Jambo la kwanza, usiondoe PHP ya sistimu wala kuibandika ya zamani juu yake. Hii ya zamani ichukulie kama mpangaji mgumu, mpe chumba chake na mita yake ya tokeni, asishare waya na mtu. Chumba chenyewe ni /opt/php56.

Kabla hujaanza kukompaili (kuijenga mwenyewe kutoka sosi), angalia kama kuna njia ya mkato. Kama uko kwa Ubuntu LTS (toleo la sapoti ndefu, kama hii 24.04), Ondřej Surý, yule mtu wa Debian, ile Linux ambayo Ubuntu imejengwa juu yake, ana PPA, yaani ripo ya ziada ya Ubuntu, yenye matoleo mengi ya PHP mpaka hiyo 5.6, na kazi ngumu ameshakufanyia:

sudo add-apt-repository ppa:ondrej/php
sudo apt install php5.6-fpm php5.6-mysql

Ikikubali, umemaliza, ruka chini kwa databesi. Docker (inayoendesha programu ndani ya kontena yake) pia ni sawa, imeji ya php:5.6-fpm bado iko, lakini imejengwa juu ya Debian 9 na ripo zake zilihamishwa kwa archive.debian.org, kwa hivyo ukipiga apt-get update ndani yake utaona 404 mpaka urekebishe sources.list. Na ukweli ni kwamba kwa duka ambalo mtu wa kaunta ndiye huwasha mashine asubuhi, mimi sipendi kuongeza kitu kingine cha kuharibika katikati.

Sasa kukompaili. Watu wengi wanashusha 5.6.40, wanapiga configure, inapita, wanapiga make, halafu ikifika folda ya ext/openssl inatapika mistari na mistari ya "dereferencing pointer to incomplete type", na wanaamua PHP ni mbovu. Sio mbovu. OpenSSL ni laibrari ya usimbaji inayotumika kwa https, na toleo lake la 1.1.0 la 2016 lilificha struct zake nyingi (vifurushi vya data vya ndani), yaani programu ya nje haiwezi tena kuingiza mkono moja kwa moja na kusoma kilichomo, lazima iombe kupitia funksheni, na PHP 5.6 iliandikwa zamani za kuingiza mkono. Ubuntu 24.04 ina OpenSSL 3.0, na PHP ya kwanza kuelewana nayo rasmi ni 8.1. Ndio maana nasema hapa kazi ni kuitafutia 5.6 OpenSSL ya rika lake, ambayo ni 1.0.2u, ya mwisho kutolewa kwa umma, Desemba 2019:

./config --prefix=/opt/openssl102 --openssldir=/opt/openssl102 shared -fPIC
make depend && make
sudo make install_sw

Ukishaiweka, kuna mtego wa curl, laibrari ya kuchota vitu mtandaoni. Ukichukua libcurl4-openssl-dev itavuta OpenSSL 3, na sasa ndani ya prosesi moja una OpenSSL mbili zenye majina ya funksheni yanayofanana, ikianguka na segfault (prosesi kufa ghafla) usishangae. Chukua libcurl4-gnutls-dev, hiyo inatumia GnuTLS, laibrari nyingine ya kazi hiyo hiyo, na haiingilii ugomvi huu. Halafu configure ya zamani inatafuta easy.h mahali pa zamani, inalalamika ati uinstoli curl upya wakati curl iko hapo hapo, ionyeshe njia tu:

sudo ln -s /usr/include/x86_64-linux-gnu/curl /usr/include/curl

Baada ya hapo:

./configure --prefix=/opt/php56 --enable-fpm --with-fpm-user=www-data --with-fpm-group=www-data --with-openssl=/opt/openssl102 --with-mysql=mysqlnd --with-mysqli=mysqlnd --with-pdo-mysql=mysqlnd --with-curl --with-zlib --enable-mbstring

Warning zitamiminika, ziache zipite. Ila kama Linux yako ina GCC 14 kwenda juu, zile ambazo zamani zilikuwa warning siku hizi ni makosa kamili, ongeza CFLAGS="-fpermissive" mbele ya configure.

Databesi nayo ina maringo yake. MySQL 8 inatumia njia ya nywila ya caching_sha2_password na PHP 5.6 haiijui, tena seva inajitambulisha kwa charset (seti ya herufi) namba 255 ambayo pia haiijui. Unaweza kurudisha mysql_native_password kwa yuza mmoja na kuweka character-set-server=utf8 kwenye konfigi, lakini MySQL 8.4 imeizima hiyo plagini na 9.0 ikaitoa kabisa, kwa hivyo mimi naweka MariaDB, ndugu yake MySQL, tu na tunaendelea na maisha.

Imebaki php.ini, na hapa watu hupoteza muda wakihariri ya /etc/php, hiyo ni ya PHP nyingine. Yako iko /opt/php56/lib/php.ini, na kama haipo kopi php.ini-production kutoka folda ya sosi. Mistari miwili ni lazima. Ya kwanza openssl.cafile=/etc/ssl/certs/ca-certificates.crt, kwa sababu ile OpenSSL uliyojenga haina cheti hata kimoja na 5.6 ndiyo PHP iliyoanza kuhakiki cheti bila kuambiwa, kwa hivyo file_get_contents ya https itagoma. Ya pili date.timezone=Africa/Nairobi. Ukiisahau, PHP inahesabu saa za UTC, na mteja aliyenunua misumari saa moja asubuhi anapewa risiti ya saa kumi alfajiri, halafu mhasibu anaanza kuuliza nani alikuwa anafungua duka usiku.

Kwa nginx (seva ya wavuti) elekeza fastcgi_pass kwa soketi ya hii FPM, prosesi inayoendesha PHP nyuma yake, kwa huo mfumo peke yake, saiti zingine zibaki na 8.3. Na isionekane kwa intaneti, hata kwa dakika tano za kutesti, hii ni programu ambayo hakuna anayeiziba mashimo tena. Isikilize mtandao wa duka tu, na kama kuna tawi Thika wapitie WireGuard (VPN).