Buibui mjane haozeshi nyama
Watu wakisikia buibui mjane mweusi, yule jike mwenye alama nyekundu tumboni, wanajua akikuuma tu umekwisha, au nyama inaoza. Hapana jamani. Sumu yake inashika neva, kwahiyo alipouma utaona vitundu viwili na wekundu kidogo, alafu baada ya kama lisaa misuli inakaza, tumbo linakuwa gumu kama ubao na jasho linatiririka. Inauma kweli ila vifo ni nadra sana. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba. Osha na sabuni, weka barafu kwenye kitambaa, nenda hosipitali upewe dawa za maumivu. Ile ya kupinga sumu (inatokana na damu ya farasi, ndo maana ina risk ya aleji) wanawekewa waliozidiwa, watoto na wazee msichelewe nao.